Siku ya Nakijwa Haivaliwi

Haya aliniambia Navoneiwa mwenyewe, tumekaa mferejini tunaosha tangawizi, msimu wa pili tangu mvua za zamu, zile za kuletwa kwa ratiba, zianze kuteremshwa huku kwetu milimani Upare. Alikuwa anasimulia huku anasugua, na akifika penye uchungu anasugua zaidi, hata vipande vingine vikabaki havina ganda. Nami nakupa kama alivyonipa. Pale aliponyamaza yeye, nami nimenyamaza.

Navoneiwa alikuwa na binti mmoja, Nakijwa, mwenye miaka tisa. Mtoto huyo hakusema kwa mdomo. Maneno alikuwa nayo, tena mengi. Kusoma alisoma kabla ya wenzake, na hesabu za mafungu ya tangawizi alizimaliza kabla baba yake hajakuna kichwa. Ila mdomo wake haukuwa mlango wa maneno, basi. Akifurahi alikung'uta mikono kama mtu anayekausha maji, na kengele ya shule ikilia alijing'ata kifundo cha mkono hadi pakaota sugu.

Kengele yenyewe haikuwa ya kugonga na chuma kama ya zamani zetu. Ilikuwa kengele ya wilaya. Inapigwa mara moja huko makao makuu, na shule zote milimani na nyikani zinaipokea kwa dakika ile ile kwenye tarumbeta la bati lililofungwa juu ya paa. Waliipa sauti ya kufika mashambani, ili mzazi aliye bondeni akiisikia ajue mwanawe yuko darasani. Wazazi waliipenda. Navoneiwa naye aliipenda, mpaka alipouona ule mkono.

Wakati huo amri ilishatoka. Mtoto wa namna ya Nakijwa asibaki shule ya kijiji mpaka mkuu wa shule na mzazi wapitie mafunzo pamoja, siku mbili, na mkuu atoke akisema ameelewa na anaweza. Asipohitimu mkuu, mtoto anateremshwa Kituo cha Nyikani, kwenye mkonge, alale huko, arudi likizo. Navoneiwa alikwisha kwenda kukitazama. Hakuona mtoto akipigwa wala akinyimwa chakula. Aliona vitanda vimenyooka mstari, na juu ya kila kitanda mtoto ameketi anangoja. Alizunguka kituo kizima asijue wanangoja nini. Akarudi na neno moja tu kwa mumewe, kwamba yule haendi kule.

Basi mafunzo yakafanyika ukumbi wa kata, kila mkuu wa shule ameketishwa na mzazi wake kama maharusi. Navoneiwa aliketi na Mwalimu Mgonja, mkuu wa shule ya Kwamngala, mwanamume mrefu mwenye suti ya kahawia, mgane wa mwaka mmoja. Alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya. Hilo Navoneiwa alinisisitizia mara mbili. Mkufunzi alikuwa kijana wa mjini aitwaye Lukindo, mpole, mwenye kutanguliza samahani hata anapoomba maji ya kunywa.

Lukindo akafungua sanduku kubwa la bati, akatoa makoti. Watu waliyaita makoti kwa mazoea tu, kwa kuwa kilichotoka mle kilikuwa fulana nyembamba kama utando wa ndani ya yai, pamoja na kilemba chake. Mtoto anaivaa kutwa. Koti linainywa siku yake: sauti, mwanga, harufu, nguo inavyowasha, tumbo linavyojikunja, moyo unavyokwenda mbio. Kisha siku hiyo inamiminwa kwenye makoti mengine, na mtu mzima akivaa, inampata yeye. Mama mmoja akauliza kama linakunywa na mawazo. Lukindo akasema hapana, mawazo hayajapatiwa bomba. Koti linakunywa mwili tu.

Siku ya Nakijwa ilikwisha kunywewa wiki iliyotangulia. Navoneiwa alimvika mwenyewe asubuhi, akamwambia ni fulana mpya ya shule, maana ndivyo wazazi walivyoelekezwa kusema, ili mtoto asijikaze.

Mwalimu Mgonja akavaa wa kwanza. Alifumba macho muda wa chai kuchemka, akafumbua anatabasamu.

"Mama Nakijwa, kumbe ni hivi tu? Kelele kidogo, shati linawasha kidogo. Huyu ni wa kuzoeshwa. Mimi nimesoma bwenini na kunguni, na leo ni mkuu wa shule."

Ukumbi ukacheka. Meza za jirani nazo zilisema maneno hayo hayo, kila mkuu na kunguni wake.

Navoneiwa akaomba avae yeye. Alimtambua mwanawe njiani, miguu ile inayokwepa majani yenye umande. Aliutambua uji. Kisha kengele ikalia, na ilikuwa kama kijiko kinachogusa kikombe. Akangoja iliyobaki. Haikuja. Akavua lile koti, akaliweka mezani taratibu.

"Huyu si mwanangu," akasema.

Lukindo akamsogelea, akainama, akaomba samahani. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba siku hiyo imefuliwa. Mwaka wa kwanza wa makoti, mkubwa mmoja wa elimu alivaa siku ya mtoto jinsi ilivyo, akatapikia mkoba wake mwenyewe, akalazwa. Tangu hapo ikaamriwa kila siku ifuliwe kwanza, ibaki robo, ndipo wavishwe watu wazima. Wakuu hawakuambiwa. Waliivaa robo wakadhani ndiyo nzima, wakatoka wakisema atazoea.

"Sasa unawafundisha nini hapa?" Navoneiwa akamwuliza.

Kijana akasema ana kitu. Siku mbichi anayo. Kanuni inamruhusu kuimimina ikiwa mzazi atatoa ruhusa kwa kinywa chake mbele ya watu. Akiitoa, ile robo ya Nakijwa haihesabiwi tena, na kesho asubuhi kila mkuu ukumbini ataivaa siku yake bila kufuliwa, na hakuna atakayetaja tena kunguni.

Navoneiwa hakufikiri. Nani angefikiri? Huku kwetu mdomo wa mzazi ndio mdomo wa mtoto. Mtoto anapewa jina hakuulizwa, anapelekwa shule hakuulizwa, anaposwa na mara nyingi ni vivyo hivyo. Na mwenye mtoto asiyesema kwa mdomo ndiye anayezoea zaidi kumsemea. Akasimama akawatazama wakuu wote waliokuwa wamecheka, akawaambia kwamba walichovaa kilikuwa robo tu.

"Natoa ruhusa," akasema. "Mvaeni mbichi. Mwacheni awaume."

Palikuwa na sharti moja dogo. Mzazi sharti aivae kwanza yeye, ajue anachokitoa. Wakampeleka chumba cha nyuma, Nakunda mpishi akamshikia viatu.

Kengele ilipolia mle ndani, Navoneiwa aliniambia, haikuwa sauti. Ilikuwa kitu kinachoingia. Ilikuwa kama bati linachanwa na mchanaji amelishika kwa meno yako. Akajikuta anautafuta mkono wake ili aung'ate, na alipouuma akapata nafuu, akaelewa kwamba ile sugu ilikuwa dawa, si wazimu. Hilo alinieleza kwa kirefu kwa sababu kengele ni ya watu wote, kila mtu anaisikia.

Baadaye, wakati wa mapumziko, miguu ya Nakijwa ilikwenda mahali. Kabla haijaenda, shingo iligeuka kulia, ikageuka kushoto, ikahakikisha hakuna anayetazama. Ndipo ikaenda. Na huko alikokwenda alifanya kitu, na katika kukifanya akapata furaha kubwa kiasi kwamba Navoneiwa, mke wa watu na mama mtu mzima, hakuwahi kuionja hata siku ya arusi yake. Ni wapi, na ni kitu gani, hakuniambia. Sikumwuliza.

Alipovua alikuwa analia, na Lukindo akadhani ni kwa ajili ya kengele. Akamwambia, samahani mama, kesho wote watajua. Navoneiwa akaitikia kwa kichwa. Alitoka mle kama mtu aliyesukuma mlango bila hodi akakuta watu wanaoga.

*

Nyumbani kwao ndiyo na hapana vilisemwa kwa bakuli. Bakuli dogo la bati likikaa wima ni ndiyo. Likifudikizwa ni hapana. Ilianza Nakijwa akiwa mdogo, alipokuwa anaukataa uji, na wazazi wakaona si utundu, ni jibu. Tangu hapo walimwuliza mengi: nguo ipi, tuondoke sasa au bado, umeumia au umekasirika. Hata baba yake, Eliakunda, aliyekuwa mtu wa kutania, alipofika shambani na kukuta kazi nzito alifudikiza sufuria kichwani mwake.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo mgombani, Navoneiwa aliketi chini karibu na binti yake. Mikokoteni ya tangawizi ilikuwa inapanda yenyewe kutoka bondeni, mmoja nyuma ya mwingine, inasimama langoni inangoja kupakuliwa. Aliiacha ingoje. Akamweleza Nakijwa lile koti ni nini hasa, bila kupaka mafuta. Akasema fulana ile haikuwa fulana. Akasema kesho walimu wataivaa siku yako yote, tangu umande hadi kurudi, nawe utabaki shule ya hapa. Wasipoivaa, huenda ukapelekwa nyikani. Akaliweka bakuli katikati yao.

Nakijwa alilitazama muda mrefu. Kisha akalifudikiza.

Mama yake akarudia, labda hakueleza vizuri. Akasema vitanda, akasema mkonge, akasema likizo. Nakijwa akaweka kiganja juu ya kitako cha bakuli lililofudikizwa, akakikandamiza.

Eliakunda alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote. Hakutania.

"Mama Nakijwa, akikataa sindano ya pepopunda utamwacha?"

Navoneiwa akasema sindano ni nyingine. Mumewe akauliza nyingine vipi, si napo anavuliwa nguo, si napo analia. Akajibiwa kwamba mbele ya sindano kuna daktari mmoja na mlango umefungwa, si ukumbi wa watu kumi na wanane. Eliakunda akasema heri watu kumi na wanane asubuhi moja kuliko mwanawe kulala kwenye kitanda kilichonyooka miaka saba. Mtoto wa miaka tisa hajui miaka saba ni nini. Wao wanajua. Ndiyo kazi ya mzazi hiyo, kujua.

Na alikuwa na haki, Navoneiwa aliniambia. Alisugua kipande cha tangawizi hadi nikamnyang'anya. Kila neno la mumewe lilikuwa la kweli, na lile koti mbichi lingemponya mtoto. Aliwajua wakuu wale, wangetoka mle wamelainika kama ndizi.

"Nimemwuliza, Baba Nakijwa," akasema mwishowe. "Nisingemwuliza ingekuwa lingine. Sasa nikimwuliza halafu jibu nilitupe, kuanzia kesho bakuli hili ni chombo cha kulia uji tu. Atanijibu nini tena huyu, maisha yake yote?"

Eliakunda akaenda kupakua mikokoteni. Alipakua kwa hasira, magunia yanalia chini, pu, pu. Baada ya muda akarudi akasema, bila kumtazama, kwamba kama anakwenda kubishana na watu wenye suti basi aondoke mapema, kwa sababu wenye suti wakishakunywa chai hawasikii.

*

Alifika ukumbini kabla ya chai. Hata hivyo alichelewa kidogo. Lukindo alikwisha kumimina, makoti yamepangwa ndani ya lile sanduku la bati, na moja lilikuwa tayari mikononi mwa Mwalimu Mgonja, aliyeamka na shauku. Yeye ni mkuu wa mtoto mwenyewe, avae wa kwanza. Alikwisha kuingiza mkono mmoja.

Navoneiwa hakusalimu. Alifunga kifuniko cha sanduku, akakaa juu yake.

Watu wakadhani amechoka na safari. Lukindo akamletea kiti. Akakikataa. Akasema siku ya Nakijwa haivaliwi. Ameulizwa mwenyewe, amekataa. Ruhusa ya jana ilitoka kwenye mdomo usiohusika.

Basi ukumbi ukawaka. Mkuu mmoja, mama mnene mcheshi wa shule ya juu mlimani, akauliza kama mtoto amekataa kwa simu au kwa barua. Watu wakacheka. Baba mmoja akasema huyu anaona haya, kuna jambo la nyumbani kwake hataki lijulikane. Mwingine akasema wao wametembea tangu alfajiri, na sasa mwanamke mmoja amekalia elimu kama kuku wa mayai.

"Nimelalia," Navoneiwa akasema. "Mkitaka kunitoa, nibebeni pamoja na sanduku."

Hakuna aliyetaka kuanza. Nakunda mpishi akapita katikati yao na birika, akammiminia chai pale pale juu ya sanduku, akamwongezea na kiazi. Halafu akasimama kando yake na birika la moto mkononi, akisema ana mkono mzito leo, watu wasimsukume.

Lakini koti moja lilikuwa nje. Na aliyelishika hakuwa mtu wa kusukumwa.

Mwalimu Mgonja alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko ukali. "Mama Nakijwa, jana umesema ndiyo mbele ya watu. Ukanitazama mimi. Nimelala vibaya usiku kucha kwa ajili ya kunguni wangu. Leo nataka kujua kweli kinachomwuma mwanafunzi wangu, na wewe unanizuia. Nisipolivaa hili, nitajuaje?"

Navoneiwa alikuwa hana hotuba. Aliniambia angekuwa nayo angeisema vizuri zaidi. Alisema tu kilichomjia.

"Mwalimu, umewahi kwenda msibani ukaomba kwanza kuuonja uchungu wa mfiwa?"

Mama mcheshi akaweka kikombe chake chini.

"Tunakwenda na kuni," akaendelea. "Tunateka maji. Tunakaa. Mfiwa akilia tunaamini analia, akinyamaza tunaamini ananyamaza. Hatumwambii avue moyo wake tuuvae kwa zamu ndipo tujue kama anastahili ndoo ya maji. Sasa mtoto wangu akiziba masikio, kwa nini asiaminiwe mpaka avuliwe? Nililiona jana lililomo humo. Kuna la kuwaliza nyote. Lakini kuna na mengine, yake, na alitazama kulia na kushoto kabla. Mimi nimekwisha kuiba. Ninyi msiibe."

"Na nikikosea?" Mwalimu akauliza. "Bila hili, nitakosea."

"Utakosea. Mimi namkosea kila wiki, nami nimemzaa."

Mwalimu Mgonja alibaki amesimama, mkono mmoja umo kwenye koti, mwingine nje. Ruhusa ilikwisha kutolewa mbele ya mashahidi. Hakuna sheria ambayo ingemlaumu. Navoneiwa alikuwa amekalia makoti kumi na saba, na lile la kumi na nane halikuwa lake tena. Alijua hivyo. Alimtazama, akangoja.

Mwalimu akasema polepole, kama anajisomea: "Mwaka jana mke wangu Namsifu alipofariki, kila aliyeingia uani kwangu aliuliza alikuwa anaumwa nini. Kila mtu. Nilijibu hadi ulimi ukakauka. Wewe ulikuja na kuni kichwani, ukazitua jikoni, ukakaa na wanawake. Hukuniuliza."

"Haikuwa kazi yangu kujua."

"Nilikuona."

Akauchomoa mkono. Alilikunja lile koti kwa mikunjo minne, kama mtu anayekunja shuka la mgonjwa, akaja akaliweka mapajani mwa Navoneiwa.

Lukindo alikuwa amekunja uso. Akaomba samahani, na safari hii ilionekana anaiomba kweli. Akamkumbusha Mwalimu kwamba robo ya jana haihesabiwi tena, na mkuu asiyevaa hahitimu, na asiyehitimu hawezi kubaki na mtoto. Wataarifiwa wilayani. Watapanda kuja kumchukua.

"Waje wamchukulie darasani kwangu," Mwalimu Mgonja akasema. "Nitakuwemo. Na ukishawaambia sikuvaa, waambie pia kwamba mmekuwa mkitupa robo mnaiita nzima. Au nitawaambia mimi."

Kijana alitazama sakafu. Alikuwa na mama yake mjini, na kazi, na cheo kidogo alichokuwa anakipanda. Kisha akachukua kibao cha kioo alichotembea nacho, cha kuendeshea makoti, akapiga goti mbele ya sanduku. Akasema kufuta siku iliyokwisha kumiminwa hakumo katika maagizo yake, ila hakumo pia katika makatazo, maana hakuna mzazi aliyewahi kuomba. Navoneiwa aweke kiganja hapa. Akaweka. Kioo kikawa na joto, kikapoa. Lukindo akainua kifuniko kuonyesha: makoti yamebaki utando mtupu, meupe, hayana siku ya mtu.

"Samahani," akasema akiinuka. "Sasa sina kingine cha kufundisha."

Hapo ndipo watu walicheka, na mama mcheshi akacheka kuliko wote, akafuta machozi, akasema basi na tuanze wenyewe kabla wali haujaiva.

Mchana ule walijifunza jambo moja tu, na wengi walilifeli. Kungoja. Navoneiwa aliwaonyesha kwa kikombe lugha ya bakuli la kwao, wima ni ndiyo, kufudikizwa ni hapana. Mzazi anakaa kimya na kikombe mbele yake, mkuu anauliza swali, kisha hasemi tena mpaka kikombe kijibu. Ilikuwa kazi kubwa ajabu. Mkuu wa shule ni mtu aliyezoea kujibiwa. Wengine walirudia swali kabla pumzi haijaisha, wengine walianza kujibu wenyewe, na yule mama mcheshi alishika kikombe cha mwenziwe akakigeuza kwa mkono wake, akasema, "Si ndivyo ulitaka kusema?" Ukumbi mzima ukamzomea. Akaanza upya. Mara ya nne aliweza, akatoka jasho.

Mwalimu Mgonja hakujaribu kikombe. Alikaa muda mrefu anafikiri, kisha akamwuliza Navoneiwa kama ni kweli anavyokumbuka: kila asubuhi Nakijwa hutoka kwenye mstari kidogo kabla ya kengele na kukimbilia upande wa bustani, na yeye Mwalimu humrudisha kwenye mstari, anamshika bega ili asitoroke tena. Anamshika hivyo mpaka kengele iishe.

Navoneiwa, aliyekwisha kuusikia mkono huo begani ndani ya koti, akasema ndiyo, ni kweli.

Wali ulipokuja Mwalimu hakula.

*

Wakati wa kurudi, jua likiwa limeegemea mlima, Navoneiwa alipita shuleni kwa sababu njia ndiyo hiyo. Akaona ngazi imeegemezwa kwenye paa, na juu ya ngazi suti ya kahawia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nishikie ngazi."

Akaishika. Juu kule koleo lilikuwa linalia kwenye bati, skrubu zinaanguka majanini. Mwalimu alisema bila kuangalia chini kwamba mtambo wa wilaya utajua kesho kengele ya kwanza ikipigwa, kwa kuwa tarumbeta lisilopokea linaonekana huko kama jino lililong'oka. Kwa hiyo watakuwa na mambo mawili ya kumjia. Akasema bora waje mara moja, watapunguza safari.

Navoneiwa akauliza watoto watajuaje saa ya kuingia.

"Nitapita darasa hadi darasa. Nitabisha mlango, nitawaambia. Miguu ninayo."

Tarumbeta likateremka, zito, limeota kutu kwa ndani, pamoja na kiota kimoja cha ndege kisicho na mwenyewe. Wakaliburuta wawili hadi stoo. Hakuna aliyemshukuru mwenziwe. Mwalimu alifunga stoo, akaweka ufunguo mfukoni, akasema wazazi watalalamika pia, wale wa bondeni waliozoea kuisikia. Navoneiwa akasema wale mwachie yeye.

Nyumbani alimkuta Nakijwa kizingitini anapanga vipande vya tangawizi, vikubwa hadi vidogo, mstari mmoja mrefu unaozunguka miguu yake. Akaketi nje ya mstari. Akamwambia hakuna aliyevaa, na imefutwa yote, haipo popote. Kisha akamwambia lililobaki, maana lilikuwa linamkaba: kwamba yeye mama yake aliivaa jana, bila kumwuliza, na aliona hata pale. Hatapataja kwa mtu.

Nakijwa hakuinua uso. Alisogeza kipande kimoja, akasogeza kingine, akafungua nafasi kwenye mstari. Akapitisha mguu wake hapo ukaugusa mguu wa mama yake, akauacha hapo. Wakakaa hivyo hadi ugali ulipoiva, Eliakunda ndiye aliyesonga.

Alikula vizuri yule mtoto, akalala mapema, amejikunja upande mmoja.

Eliakunda akauliza. Akaelezwa yote, hadi la ngazi. Akasema watakuja. Mkewe akasema najua. Akauliza watakuja wangapi. Mkewe akasema hajui, ila yeye atakaa kwenye kitu cha kwanza watakachotaka kukifungua. Eliakunda akacheka kwa pua, ndiyo mara ya kwanza tangu juzi, akasema basi na yeye hatakwenda bondeni kesho, mikokoteni itajijua. Akajilaza, na haukupita muda alikuwa anakoroma.

Navoneiwa alifunika moto. Akavaa gauni lake la kutokea, akajifunga khanga kiunoni fundo la kazi, akavaa na viatu, ili wakija wasimkute anahangaika kutafuta kiatu. Akajilaza hivyo hivyo juu ya blanketi, kati ya mlango na mtoto. Alidhani hatapata usingizi. Aliupata.